Mafuta ya mwani: hesabu kwanza, ardhi baadaye

MTU anayesimama Feri asubuhi, hapa Dar es Salaam, huviona kwa mara moja vitu viwili ambavyo Taifa letu haliwezi kuishi bila ya hivyo: chakula na mafuta. Upande huu wa maji lipo soko la samaki la Magogoni, ambako mashua hushusha dagaa, vibua na jodari kabla jua halijapanda. Upande wa pili, Kigamboni, yapo matangi ya kuhifadhia mafuta yanayoletwa na meli kutoka nchi za mbali. Kati ya pande hizo mbili hupita kivuko kilichojaa wafanyakazi, wanafunzi na wachuuzi, nacho hakiendi hata hatua moja bila ya dizeli.

Ni wachache miongoni mwa abiria hao wanaojua kwamba samaki walioko sokoni na mafuta yaliyomo matangini vina asili moja. Asili hiyo ni mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho matupu, unaoelea katika maji ya bahari, maziwa na madimbwi. Hatuzungumzii ule mwani mrefu unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani. Tunazungumzia ndugu yake mdogo, ambaye tunamwona tu akiwa amekusanyika kwa mamilioni: maji ya bwawa yanapogeuka rangi ya kijani, au ngazi ya gati inapofanya utelezi. Mwani huo hutumia mwanga wa jua, hewa ya ukaa, maji na chumvichumvi kujitengenezea chakula. Viumbe wadogo wa baharini huula, dagaa huwala viumbe hao, na jodari humla dagaa. Sehemu kubwa ya mafuta ya petroli nayo ilitokana na mwani wa namna hiyo na viumbe wenzake, waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, wakafukiwa na matope, wakapikwa na joto la ardhi.

Kwa hiyo swali linalojitokeza si la kipuuzi hata kidogo. Ikiwa mwani uliweza kuwa mafuta kwa kazi ya maumbile ya miaka mamilioni, je, binadamu hawezi kuulima leo katika mabwawa, akaukamua, na kupata dizeli baada ya wiki chache? Wataalamu wamelishughulikia swali hili kwa zaidi ya miaka 40, nalo hurudi kila bei ya mafuta inapopanda. Tunalileta mbele ya watumishi wa umma na walimu kwa sababu jibu lake linagusa mambo mawili tusiyoweza kuyafanyia mchezo, nayo ni ardhi ya wananchi na elimu ya vijana wetu.

Hatusemi kwamba uko mkataba wa mwani uliokwisha kuletwa mezani. Tunasema kwamba siku utakapoletwa hauna budi utukute tayari.

Taabu ya mafuta tunaijua. Mwaka 1973, baada ya vita vya Mashariki ya Kati, bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne. Mwaka 1979, baada ya mapinduzi ya Iran, ilipanda tena, wakati nchi yetu ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika vita vya Kagera. Walimu na watumishi wa umri mkubwa wanakumbuka jinsi, katika miaka ya mwanzo ya 1980, magari ya watu binafsi yalivyozuiwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa petroli kidogo iliyokuwapo. Kiwanda cha TIPER, kilichojengwa Kigamboni katika miaka ya 1960 na kuwa cha ubia wa Serikali na Waitaliano, kilitupa uwezo wa kusafisha mafuta ghafi, lakini hakikutupa mafuta ghafi yenyewe. Kazi ya kusafisha ilikwisha mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo mahali hapo pamebaki kuwa ghala.

Yaliyotokea mwaka 2022 yalitukumbusha somo hilo hilo. Vita vilipozuka Ukraine, bei ya petroli katika jiji hili ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na kuanzia Juni mwaka huo Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali. Hizo ni fedha ambazo zingeweza kujenga madarasa na zahanati. Zilitumika kulipia vita ambavyo hatukuvianzisha na wala hatukuwa na uwezo wa kuvimaliza.

Ni kweli kwamba hali yetu leo si ile ya 1979. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikizalisha umeme tangu 2004. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Lakini lori la mizigo, mashua ya mvuvi, ndege na kivuko cha Kigamboni bado vinakunywa mafuta, na mafuta hayo bado yanakuja kwa meli. Mtu yeyote anayesema kwamba anaweza kuyatoa mafuta hayo katika maji ya kijani atasikilizwa, na anastahili kusikilizwa. Lakini kusikiliza ni jambo moja, na kutia sahihi ni jambo jingine.

Tunayo sababu ya kusema hivyo. Mwaka 2006 Serikali iliunda kikosi kazi cha kitaifa cha kushughulikia nishati ya mimea. Wakati huo dunia nzima ilikuwa ikiimba sifa za mbono kaburi. Tuliambiwa kwamba mmea huo huota penye ukame, hauhitaji ardhi nzuri, haushindani na chakula, na mbegu zake zimejaa mafuta. Makampuni yakaja. Katika Wilaya ya Kilwa kampuni ya BioShape kutoka Uholanzi ilipata zaidi ya hekta 30,000. Katika Wilaya ya Kisarawe kampuni ya Sun Biofuels kutoka Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji kadhaa, kwa mkataba wa miaka 99. Huko Bagamoyo kampuni ya SEKAB kutoka Sweden ilikuwa na mpango mkubwa wa kulima miwa ili kutengeneza spiriti ya kuendeshea magari.

Matokeo yake yanajulikana. SEKAB ilijitoa mwaka 2009. BioShape ilifilisika mwaka 2010. Sun Biofuels ilianguka mwaka 2011, wafanyakazi wakapoteza kazi, na wanavijiji, ambao tayari walikuwa wamelalamika juu ya udogo wa fidia, wakabaki bila ya shamba na bila ya mshahara. Mbono ukaonekana kuwa mmea kama mimea mingine: penye maji na rutuba huzaa, penye ukame huishi tu bila ya kuzaa cha maana. Miongozo ya Serikali juu ya nishati ya mimea ilitoka mwaka 2010, yaani baada ya ardhi kubwa kuwa imekwisha kutolewa. Tulijenga zizi baada ya ng'ombe kutoka.

Wako wanaodhani kwamba kampuni ikifilisika, ardhi inarudi kijijini yenyewe. La hasha. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ili mwekezaji wa kigeni apewe ardhi ya kijiji, ardhi hiyo huhamishwa kwanza na kuwa ardhi ya jumla. Ikisha kuhamishwa imetoka mikononi mwa kijiji. Kampuni inaweza kufa katika miaka mitatu, lakini kijiji hakirudishiwi kilichotoka kwa sababu tu aliyekichukua ameshindwa. Huu ndio uzito wa sahihi ya afisa mmoja na ya mkutano mmoja wa kijiji ambao haukuelezwa vya kutosha.

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hatutaki hofu ya mbono itufanye tuukimbie mwani. Tunataka itufanye tuutazame vizuri, tujue kama ni nyoka au ni ung'ongo.

Sifa za mwani ni za kweli. Hauhitaji udongo, kwa hiyo unaweza kulimwa mahali ambapo mahindi hayawezi kuota. Ziko aina zinazostawi katika maji ya chumvi. Ukipata mwanga na chakula cha kutosha, wingi wake unaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja hivi. Baadhi ya aina zake zikikaushwa, robo ya uzito wake au hata zaidi ni mafuta. Nchi yenye jua kama letu na pwani ndefu kama yetu haiwezi kupuuza mambo hayo.

Lakini na tufanye hesabu, kwani hesabu ndiyo iliyokosekana wakati wa mbono. Mwani hulimwa katika mabwawa yenye kina cha sentimita 20 au 30 hivi, maji yakizungushwa kwa magurudumu ya makasia ili kila chembe ipate jua. Bwawa linalotunzwa vizuri hutoa takriban gramu 20 za mwani mkavu kwa siku katika kila mita moja ya mraba. Hekta moja ina mita za mraba 10,000, kwa hiyo tunapata kilo 200 kwa siku. Ikiwa robo yake ni mafuta, hizo ni kilo 50, yaani lita 55 hivi kwa siku, au lita 20,000 kwa mwaka. Hicho ni kiasi kikubwa. Mchikichi, ambao ni bingwa wa mazao ya mafuta, hutoa lita 5,000 au 6,000 hivi kwa hekta kwa mwaka mahali unapostawi sana. Hapa ndipo mfanyabiashara husimamisha hesabu yake, akafunga kitabu na kuomba ardhi.

Sisi tuendelee. Katika lita moja ya maji ya bwawa hilo mna mwani mkavu wa gramu nusu hivi tu. Ili kupata kilo 200 kwa siku ni lazima kuchuja lita 400,000 za maji kila siku. Kwa maneno mengine, kila lita moja ya mafuta inadai kuchujwa kwa lita 7,000 na zaidi za maji. Kazi hiyo hufanywa kwa mashine, na mashine hula umeme. Kisha mwani huo ukaushwe, upasuliwe chembe zake, na mafuta yatolewe na kugeuzwa kuwa dizeli. Kila hatua ina gharama yake, na kila hatua inakula nishati ile ile tunayoitafuta.

Bado kuna chakula cha mwani. Kila kilo ya mwani mkavu huhitaji karibu kilo mbili za hewa ya ukaa, na ile iliyomo angani huingia majini polepole mno, kwa hiyo ni lazima iletwe kwa bomba kutoka kiwandani au kwenye mtambo wa umeme. Mwani pia huhitaji naitrojeni na fosforasi. Kwa hekta yetu moja, naitrojeni peke yake ni sawa na mfuko mmoja wa kilo 50 wa urea kila baada ya siku mbili hivi. Mtumishi aliyewahi kufanya kazi Ruvuma, Mbeya au Rukwa anajua thamani ya mfuko wa urea kwa mkulima wa mahindi. Je, tutauchukua mfuko huo shambani na kuutumbukiza bwawani ili tupate lita 110 za mafuta? Anayesema kwamba mwani haushindani na chakula kwa kuwa hauhitaji udongo amesahau kwamba mbolea nayo ni chakula.

Tena, katika mwani wenyewe kuna fumbo ambalo wataalamu hawajalifumbua. Ukishibishwa, huongezeka haraka lakini hauweki mafuta mengi. Ukinyimwa naitrojeni, hujiwekea akiba ya mafuta, lakini huacha kuongezeka. Kupata mwani unaoongezeka haraka na kunenepa kwa wakati mmoja ndiyo kazi iliyowachosha watafiti wa mataifa makubwa.

Wamarekani, walioshtushwa na bei za miaka ya 1970, walianza mpango wao wa utafiti wa mafuta ya mwani mwaka 1978. Walikusanya aina zipatazo 3,000 za mwani, wakatumia dola milioni 25 hivi, na mwaka 1996 wakaufunga mpango huo. Waligundua kwamba mwani unaweza kutoa mafuta, ila mafuta hayo ni ghali kuliko petroli kwa mbali. Mwaka 2009 kampuni kubwa ya mafuta ya ExxonMobil ilitangaza kwamba ingeweza kutumia hadi dola milioni 600 katika kazi hiyo hiyo. Mwaka 2023 nayo iliacha. Ikiwa kampuni ile, yenye utajiri ule, ilitazama hesabu yake kwa zaidi ya miaka kumi na kuamua kuondoka, afisa wetu wa wilaya anayo haki ya kumwuliza mgeni mwenye mkoba na picha za rangi: wewe umegundua nini ambacho wale hawakukigundua?

Wako watakaosema kwamba, kwa kuwa matajiri wameshindwa, maskini tukae kando. Maoni hayo hatuyakubali. Nchi isiyokuwa na wataalamu wake katika jambo fulani hununua jambo hilo likiwa tayari, kwa bei ya muuzaji, na hutia sahihi mikataba iliyoandikwa na wengine. Tena, kushindwa kwa mwani kutoa dizeli ya bei nafuu si kushindwa kwa mwani katika kila jambo.

Tazama walivyofanya Wajapani. Kampuni ya Euglena, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 2005, haikuanza na mafuta. Ilianza kwa kukuza kiumbe mdogo wa majini na kumwuza kama chakula cha kujenga mwili, kitu ambacho watu hulipia bei nzuri. Ilipokuja kutengeneza mafuta ya ndege, sehemu kubwa ya malighafi ilikuwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha tumika, na ya kiumbe huyo yalikuwa nyongeza. Mwaka 2021 ndege iliruka kwa mafuta hayo. Walianza na kinacholipa, wakajifunza kazi, ndipo wakagusa kilicho kigumu.

Wala hatuna haja ya kwenda Japani kutafuta mfano. Kandokando ya Ziwa Chad, akina mama wa kabila la Wakanembu wamekuwa wakivuna spirulina, jamii ya mwani wa kijani-buluu, tangu enzi za mababu. Huikausha juani na kuitia katika mchuzi. Viumbe wa jamii hiyo hiyo hustawi katika maji ya magadi ya Bonde la Ufa, na ndio chakula cha ndege heroe ambao wengi wao huzaliana katika Ziwa Natron, huku kwetu. Hatusemi twende tukalivuruge Ziwa Natron. Heroe wana haki yao, na ziwa hilo ni amana ya dunia nzima. Tunasema kwamba kiumbe anayelimwa na kuuzwa kwa bei kubwa katika nchi za mbali ni mwenyeji wa maji yetu, na ni aibu ikiwa watoto wetu watamjua kwa mara ya kwanza kutoka katika kopo lililoagizwa nje.

Sasa turudi Feri. Kwa miaka mingi sehemu ya maji machafu ya katikati ya jiji hili imekuwa ikipelekwa baharini kwa bomba lililojengwa wakati wa ukoloni. Maji hayo yamejaa naitrojeni na fosforasi, yaani mbolea ile ile tunayoinunua kwa dola. Kwa mkono mmoja tunaagiza urea kwa meli, na kwa mkono wa pili tunaimwaga mbolea yetu wenyewe mbele ya bandari ile ile. Na kinachoingia baharini kwa wingi kupita kiasi hakiwi neema. Huharibu maji wanamozaliana samaki ambao soko la Feri linawategemea.

Dawa ya tatizo hilo tunayo tayari, nayo ni mwani. Katika mabwawa ya kusafishia maji taka, ya namna ya yale yaliyojengwa Vingunguti na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwani ndiye mfanyakazi mkuu asiyelipwa. Yeye hutumia jua kutoa oksijeni. Bakteria hutumia oksijeni hiyo kuoza uchafu. Uchafu ukioza hutoa hewa ya ukaa na mbolea, navyo ndivyo chakula cha mwani. Hapo bwawa limekwisha kujengwa, mbolea inakuja bure, na hakuna kijiji kinachohamishwa. Mwani wa mabwawa hayo haufai kuliwa na binadamu, lakini unaweza kutiwa katika mtambo wa kuozesha ukatoa gesi ya kupikia, na makapi yake yakarudi shambani. Ikiwa siku moja dizeli ya mwani itapatikana kwa bei ya kuvumilika, tunaamini kwamba mahali pake pa kuanzia katika nchi maskini patakuwa hapo, kwenye maji taka, ambapo kazi ya kusafisha maji imekwisha kulipia nusu ya gharama.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya.

Kwanza, ardhi ya kijiji isihamishwe kwa ajili ya ahadi ya mafuta ya mwani. Mwenye nia ya kweli apewe eneo dogo la majaribio kwa mkataba wa muda mfupi, uwe na sharti lililoandikwa kwamba akishindwa, ardhi inarudi kwa waliokuwa nayo. Hata fukwe na maeneo ya chumvi yanayoitwa matupu si matupu: kuna mikoko inayolea samaki, kuna wanaochemsha chumvi, kuna akina mama wanaochokoa chaza.

Pili, kila andiko la mradi wa namna hiyo lijibu maswali manne kabla ya kupokewa. Maji yatachujwa kwa nishati gani, na nishati hiyo ni kiasi gani ikilinganishwa na itakayopatikana? Mbolea itatoka wapi? Hewa ya ukaa itatoka wapi? Lita moja itagharimu shilingi ngapi bila ya ruzuku ya nchi ya mwekezaji? Andiko lisilojibu kwa tarakimu lirudishwe kwa adabu.

Tatu, taasisi zetu zipewe kazi hii kama kazi ya Taifa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinayo Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar tangu 1978. Chuo Kikuu Ardhi kinao wahandisi wa mazingira. Tume ya Sayansi na Teknolojia ipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1986. Profesa Keto Mshigeni alionyesha kwamba mtafiti Mtanzania anaweza kuanza na mmea wa baharini usiojaliwa, na baada ya miaka ukawa riziki ya maelfu. Lakini historia ya mwani wa Zanzibar, unaolimwa kwa biashara tangu 1989, inatufundisha jambo la pili pia: mkulima aliyebaki kuuza malighafi iliyokaushwa juani hupata sehemu ndogo ya thamani yake, na sehemu kubwa hubaki kwa wenye viwanda na ujuzi. Tusirudie kosa hilo kwa ndugu yake mdogo.

Nne, ndoto ya mafuta ya kesho isiwe kisingizio cha kuchelewesha nishati ya leo. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mama anayekaanga samaki kwa moshi wa kuni hawezi kuambiwa asubiri utafiti wa miaka 20. Kwake yeye gesi na umeme ndivyo mbacha alionao, na wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa walimu tuna neno la peke yake. Somo hili halihitaji maabara ya mamilioni. Chupa ya kioo, maji ya dimbwi, majivu kidogo na mwanga wa dirishani vinatosha kuwaonyesha wanafunzi jinsi maji yanavyogeuka kijani siku baada ya siku. Mwalimu wa sayansi aeleze kinachotendeka ndani ya chupa. Mwalimu wa hesabu apige pamoja nao hesabu ya hekta moja tuliyoitoa hapa, hadi mwisho, bila kusimama pale panapopendeza. Mwanafunzi aliyezoea kumaliza hesabu ndiye atakayekuwa kesho mwenyekiti wa kijiji, diwani au afisa ardhi, na mbele yake mkoba wenye picha za rangi utafunguka kwa woga.

Na kwa mtumishi wa umma tunasema hivi. Ndugu, unapovuka na kivuko kwenda kazini, tazama matangi yale na ukumbuke kwamba kila lita iliyomo ililipiwa kwa jasho la mkulima wa korosho, pamba na kahawa. Kuitafutia lita hiyo mbadala ni kazi ya heshima, na mwani unastahili nafasi katika kazi hiyo. Lakini Kilwa na Kisarawe zimekwisha kutulipia ada ya shule. Siku mgeni atakapofika ofisini kwako na habari za maji ya kijani yanayotoa mafuta, mkaribishe, mpe kiti, umsikilize hadi mwisho. Kisha chukua karatasi na kalamu, uanze na lile swali la kwanza la maji, na muhuri wako uuache ndani ya mtoto wa meza hadi atakapokuwa amejibu la nne.